Mbili kati ya Kumi

Sendofu ya binti yangu ilipangwa Jumamosi. Jumanne usiku mke wangu alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikadhani nimesahau tena mchango wa kamati. Kumbe ni uso. "Wewe ndiye utakayetoa nasaha," akasema, "na kumbi za siku hizi zina skrini. Sura ya mtu inatoka kubwa kama geti." Akanipa elfu hamsini na maelekezo ya saluni moja ya Sinza.

Nina miaka 52. Muda wote huo uso wangu umehudumiwa na maji ya bomba, sabuni ya mche, na mafuta ya mgando yanayobaki kiganjani baada ya kupaka miguu. Kwetu Tanga niliwaona dada zangu wakisaga liwa juu ya msio na kusuguliwa singo harusi ikikaribia, lakini hiyo ilikuwa kazi ya mwari na kungwi wake, chumba cha ndani, wanaume nje. Sijawahi kusikia kungwi akimsugua baba wa mwari.

Jumatano saa tisa alasiri niliingia nimeinamisha kichwa, kama mzee wa kanisa anayeingia baa. Binti mmoja mwenye koti jeupe akaniamkia shikamoo, akaniuliza kama nimekuja kumfuata mama. Nikasema nimekuja mwenyewe. "Una shughuli yoyote wiki hii, baba?" Nikaona haya kusema nimekuja kujipamba kwa ajili ya sherehe. "Sina," nikajibu. Liwekeni akilini jibu hilo.

Nikalazwa chali, nikafungwa kitambaa kichwani kama mama ntilie, nikawekewa pamba machoni. Nikasikia taa ikivutwa karibu, kisha sauti: "Baba, uso wako mkavu sana."

Nilitaka kuinuka. Ninakotoka mimi, mwenye uso mkavu ni yule anayekukopa, asilipe, kisha Ijumaa akaja tena kukopa huku anacheka.

"Nasema ngozi, baba. Unaoshea nini?"

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya mche."

Kukawa kimya. Halafu: "Mwalimu, pH ya sabuni ya mche ni ngapi?"

Hilo swali ni langu. Nimewauliza wanafunzi wa kemia kila mwaka kwa miaka 24. "Kama kumi," nikajibu, sauti imeniishia.

"Na ya ngozi?"

"Tano hivi."

"Basi mwalimu miaka yote hiyo unamwaga besi juu ya asidi, halafu unashangaa uso unakauka." Akasogeza kiti. "Hunikumbuki? Nilikaa dawati la nyuma. Uliniambia mimi asidi nitaiona kwenye betri ya gari tu."

Nilimkumbuka. Alipata F. Na sasa nilikuwa chali, sioni kitu, na ile F ilikuwa inapanga chupa zake juu ya meza.

Alianza na mvuke. Kimashine kilinipulizia usoni mpaka jasho likaingia masikioni, nikatambua kwamba hii ni nyungu ileile tuliyojifukiza mwaka 2020, ila haina mwarobaini na unailipia. Kisha akaanza kunikamua pua. Niliomba radhi kwa uchafu. Akanisahihisha: vile vidoa vyeusi si uchafu, ni mafuta ya ngozi yaliyoziba kitundu, yakakutana na hewa yakageuka rangi. Oksidesheni, akasema. Alilitamka bila kukwama. Darasani lilikuwa likimshinda.

"Sasa naweka asidi ya glaikoliki, mwalimu. Ipo hata kwenye miwa. Molekuli yake ni ndogo kuliko za ndugu zake, ndiyo maana inapenya haraka." Hilo sikumfundisha mimi. "Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na ikiungua inaacha madoa, kwa hiyo nakutegemea wewe. Kati ya moja na kumi, inachoma kiasi gani?"

Katika titresheni tunatia matone ya fenolfthalini, rangi ikibadilika unafunga koki. Hapa fenolfthalini nilikuwa mimi.

Mwanzoni alipita siafu mmoja, shavu la kushoto. Akawaita wenzake. Ndani ya dakika moja msafara mzima ulikuwa umehamia usoni kwangu, na malkia wao amepanga chumba chini ya pua. Nane, kwa haki kabisa. Lakini mwalimu wa kemia atalia vipi kwa asidi, mbele ya mtu aliyempa F kwa mkono wake mwenyewe?

"Mbili," nikasema.

"Sawa, tuongeze dakika."

Akauliza tena. Nikasema mbili na nusu, ili kuonyesha kwamba nafuatilia. "Mwalimu, mbona pamba imelowa? Unalia?"

"Mafua."

Nadhani hakuniamini, maana alichukua maji ya bikaboneti haraka akanipaka. Uso ukaanza kutoa povu, tsss, kama soda iliyotikiswa. Asidi na bikaboneti: chumvi, maji na kaboni dioksidi. Nimelichora jibu hilo ubaoni mara mia kadhaa na sikuwahi kulisikia likitokea kwenye paji la uso wangu.

Wakati wa kulipa akanipa masharti kama kazi ya nyumbani: usitoke juani bila losheni ya kuzuia jua, usiguse, usibandue. "Ngozi itaanza kupukutika siku ya tatu, mwalimu, usishtuke. Bahati nzuri umesema huna shughuli."

Nilihesabu kwa vidole ndani ya daladala. Nikarudia, nikianza na kidole kingine. Ilikuwa Jumamosi ileile.

Alhamisi na Ijumaa nilikuwa kijana. Uso umekaza, unang'aa, mke wangu ananipitia mara mbili mbili koridoni akiguna kwa kuridhika, na mimi nikaanza kuamini kwamba kemia inaweza kukosea. Jumamosi asubuhi nilitabasamu mbele ya kioo, kidevu kikapasuka kama ukuta wa chokaa. Mke wangu alikuja na mafuta. Yalishusha vumbi kwa saa tatu.

Saa mbili usiku mshereheshaji akaniita. Nikasimama, nikashika maikrofoni, nikamwambia binti yangu maneno niliyoyaandika kwa wiki mbili, na kila nilipofungua mdomo kitu cheupe kilidondoka kwenye tai. Nyuma yangu, kwenye skrini, kilidondoka kikubwa kama sahani. Keki ilikuwa bado haijaguswa, imesimama mezani na utepe wake.

"Jamani," mshereheshaji akasema kwenye spika zote, "mzee wetu amewahi keki!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wifi yake mke wangu, dada yangu huyo, akanisogelea na leso: "Futa kaka, hapo kidevuni."

Nikafuta. Ikaongezeka.