Uainishaji wa Awali wa Wanaokompaili Mbali, Likasi

Wataalamu hupenda kuwapanga waandishi wa programu kwa lugha: huyu wa C, yule wa Python. Kwa Likasi mpango huo haufai. Mtu ambaye kihariri chake kiko mezani mtaani Kikula na kompaila yake iko kwenye seva Ulaya hupimwa kwa swali moja: umeme ukikatika, anapoteza nini? Na hukatika, ingawa mitambo ya umeme ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kazi mwaka 1930.

Jenasi ya kwanza ni Wakaaji wa Huko. Nyumbani hawana faili hata moja. Huingia kwenye seva kwa SSH, itifaki aliyoitunga Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, wakaandikia hukohuko. Mwenye tmux akirudi hukuta kazi yake ilivyo, hata kishale hakijasogea. Hupoteza subira tu, maana kila herufi husafiri hadi Ulaya na kurudi ndipo ionekane.

Spishi yake ndogo, Wakaaji wa VS Code, hudhani wako kwao kwa kuwa dirisha liko hapa. Kumbe programu hiyo imepandikiza huduma yake kule, na kwenye seva ya bei nafuu mgeni huyo hushiba kumbukumbu kabla kompaila haijaonja.

Jenasi ya pili, Wasafirishaji, ndiyo inayostahili tasnifu. Huandika hapa, hupeleka mafaili pamoja na tarehe zake kwa rsync, hukompaili kule. Likasi inaijua biashara ya kupeleka mali ghafi ng'ambo, ila shaba angalau imekuwa ikisafishwa Shituru tangu 1929.

Ugonjwa wao ni saa. Betri ndogo inayotunza saa ikifa, kompyuta iliyozimwa na kukatika kwa umeme huamka ikiamini ni 2009. Nayo make, iliyobuniwa na Stuart Feldman mwaka 1976, haisomi yaliyomo, hulinganisha tarehe. Faili lililorekebishwa leo likifika na tarehe ya 2009, huonekana kuukuu kuliko programu iliyojengwa jana, na make hujibu kwamba hakuna la kufanya. Msafirishaji hulirekebisha tena, hulipeleka tena, kisha huanza kuilaumu kompaila, ambayo haijaitwa kabisa.

Jenasi ya tatu hukompaili nyumbani. Haituhusu.

Wasafirishaji wa Kikula, Panda na Shituru: betri hiyo kwa kawaida ni CR2032. Inunueni kabla ya megabaiti.