Namna ya Kupiga Hip-hop Munanila Ukashuka na Jina Lako

DJ wa hip-hop akishapiga usiku mmoja Munanila, asubuhi yake hapati jibu moja. Kwenye kijiwe cha bodaboda wanasema ametisha. Kwa mama ntilie, ng'ambo ya barabara, wanasema amechemsha. Mzee aliyesimama nyuma kabisa na koti lake anasema vijana wa siku hizi hawamalizi wimbo. Wote walilipa kiingilio kilekile, wakasikia spika zilezile, na wote wana hoja. Mwongozo huu nimeuandika ili hoja hizo zisipotelee kwenye vumbi la gari la mitambo linaposhuka kwenda Kasulu. Ni wa DJ anayekuja na ni wa shabiki anayemsubiri. Kila mmoja asome na sehemu ya mwenzake.

Wewe DJ, tuanze na nguo. Munanila iko wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, juu kwenye milima inayopakana na Burundi. Juni na Julai usiku wa huku ni baridi kweli, siyo baridi ya kusimuliwa. Lete sweta. Ukifika jukwaani ukawaona watu wamejikunja ndani ya makoti, usidhani wamekununia. Mtu aliyeficha mikono mfukoni anakusikiliza vizuri tu, na mguu wake unakwenda na biti. Mwambie anyooshe mikono mara moja, atanyoosha. Mwambie mara ya kumi, hapo ndipo mtakapogombana.

Jifunze salamu ya Kiha, na hakikisha ni ya jioni, siyo ya asubuhi. Muulize dereva wa bodaboda aliyekuleta, atakufundisha bure.

Kisha toa kichwani wazo kwamba unaleta muziki mahali ulipopungua. Mkoa huu wa Kigoma ndio asili ya familia ya Diamond Platnumz na ya Ali Kiba. Mwaka 2012 wasanii wenye damu ya Kigoma, akina Mwasiti, Linex na wenzao, walijikusanya wakaitwa Kigoma All Stars, wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite, na mtu wa hapa akiusikia mpaka leo husimama wima. Hata kugawanyika kwa mashabiki tunakujua vizuri. Oktoba 2014, kwenye tamasha la Fiesta pale Leaders Club Dar es Salaam, sehemu ya watazamaji ilimzomea Diamond wakati kambi ya Kiba ikishangilia mtu wao, na wote wawili ni wa kwetu. Kwa hiyo ukiona upande mmoja wa uwanja unaruka na mwingine umenuna, usitafute mchawi. Ndivyo mashabiki walivyo, na ni afadhali hivyo kuliko umati unaopiga makofi kwa adabu halafu haukukumbuki.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, mikono yako.

Ng'ambo ya mpaka tu kuna ngoma za Burundi, zile kubwa za magogo, ambazo ngoma yake ya kifalme UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wapigaji husimama nusu duara, wengi wakishikilia mdundo mmoja usioyumba, na mmoja mmoja hutoka kwenda kwenye ngoma ya katikati kuonyesha ufundi wake kwa mkono, kwa mguu na kwa kuruka. Watu wa nyanda hizi, wenye lugha inayoelewana na Kirundi na ndugu pande zote mbili, wamekua wakiuona ufundi wa namna hiyo. Wanajua sauti ina mwenyewe. Wanataka kumwona anayeitoa.

Na hip-hop ilianza hivyohivyo. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, kijana mzaliwa wa Jamaika aitwaye Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba wachezaji husubiri kile kipande kifupi ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Akachukua santuri mbili za wimbo mmoja, kipande kikiisha upande huu anakianzisha upande ule, kikarefuka mpaka watu wakachoka wao. Mdundo unashikiliwa, fundi anajitokeza. Msikilizaji wa Munanila ataielewa kazi hiyo bila kuelezwa, mradi umfanyie mbele ya macho yake. Geuza meza yako kidogo. Mwombe fundi wa taa amulike vidole vyako badala ya uso wako. Skrachi kidogo, acha, rudi tena. Hapo utasikia mlio mmoja wa mshangao ukitoka mbele mpaka nyuma, hata kwa yule mzee wa koti.

Asiyefanya hivyo ni DJ wa flashi. Huyu amekwisha kuchanganya kila kitu nyumbani kwake wiki mbili kabla, amekipakia kwenye flashi, na jukwaani kazi yake ni kubonyeza kitufe kimoja na kupiga kelele. Namna ya kumtambua ni rahisi: wimbo unabadilika wakati mikono yake yote miwili iko hewani. Hedifoni ipo shingoni kama mkufu, haijagusa sikio hata mara moja tangu saa mbili usiku. Ndugu DJ, kama hiyo ndiyo kazi yako, ningekuomba uitume flashi kwa basi, watu wa hapa wataichomeka wenyewe na wewe utaokoa nauli. Nasema hivi kwa sababu naipenda kazi hii. Mtu aliyeuza gunia la maharage akatoa kiingilio hakununua orodha ya nyimbo, maana nyimbo anazo kwenye simu yake. Alinunua ule usiku, na uamuzi unaoufanya pale pale ukimtazama yeye.

Na ukimtazama utagundua uwanja una watu wa namna tatu. Kuna vijana wa mbele wanaotaka singeli, mbio tupu. Kuna wanaojua hip-hop hasa, wachache, wamesimama kando ya spika wakitikisa kichwa, na hao watakuhukumu kwa miaka. Na kuna waliobaki, ambao ndio wengi, wanataka wimbo wanaoujua maneno yake. Malalamiko karibu yote yanatoka hapa: DJ anachagua kundi moja na kuwasahau mawili.

Kuna njia ya kuwaunganisha, nayo ni hesabu ya darasa la tatu. Hip-hop nyingi inakwenda mapigo 85 mpaka 95 kwa dakika. Singeli inakimbia, mara nyingi karibu na 200 na hata kupita. Wengi wanaona pengo kubwa, wanakata muziki, wanapiga king'ora, wanaanza upya, na uwanja unapoa. Lakini 95 mara mbili ni 190. Biti ya hip-hop ya mapigo 95 inaingia ndani ya singeli ya 190 bila kugongana, pigo moja la hip-hop kwa mawili ya singeli. Ianzishe singeli chini kwa chini, ipandishe taratibu, na mtikisa kichwa ataendelea kutikisa mwendo wake wa polepole wakati kijana wa mbele tayari anaruka. Hiyo ndiyo sanaa, na haihitaji mashine ya bei mbaya.

Jambo la kukata nyimbo nalitaja kwa uchungu. Mtindo wa kupiga sekunde ishirini za kila wimbo umetoka kwenye kumbi za mjini, ambako watu huja kila Ijumaa na wimbo usioisha leo utaisha wiki ijayo. Hapa utarudi lini? Na hip-hop ya Kiswahili ni hadithi. Tangu Saleh Jabir alipoanza kurap kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Sugu, kisha Profesa Jay, watu waliipenda kwa sababu walielewa kinachosemwa. Chukua Ndio Mzee ya Profesa Jay. Mwanasiasa anaahidi, umati unaitikia. Wimbo ule umejengwa ili uwanja mzima uwe kiitikio, na kila kijiji nchini humu kimewahi kuusikiliza mkutano wa namna ile. Ukiukata katikati umemnyang'anya mtu zamu yake ya kuitikia. Uache mpaka mwisho, na wewe nyamaza. MC wako naye anyamaze.

Kuhusu jenereta: liweke mbali, upande upepo unakokwenda, na uwe na mtu wa kulikalia ambaye hanywi pombe. Umeme ukishuka spika hukwaruza, na shabiki hatasema jenereta limezingua, atasema DJ amezingua. Vumbi jekundu la kiangazi huingia kwenye vitufe vya kuteleza, sauti ikaanza kukatika upande mmoja. Beba brashi laini ya rangi na kitambaa kikavu, funika meza kwa kitenge wakati wa kusubiri. Usifikiri wewe ni mkubwa mno kwa mambo hayo. DJ Khaled mwenyewe alizomewa Las Vegas mwaka 2017 kwenye tamasha la EDC, na alichokilalamikia kilikuwa sauti.

Na muda! Ukitangaza saa mbili, anza saa mbili. Wanaoondoka saa nne hawakukimbii wewe. Wana mlima wa kupanda kwa tochi ya simu, na jembe linawasubiri alfajiri. Wasichana hasa hawawezi kukusubiri ufike na nyota zako saa sita usiku, na wazazi wao wana haki ya kuuliza. DJ anayeanza mapema anapata uwanja wenye watu wote. Anayechelewa anapigia walevi, halafu anasimulia kwamba huku watu hawajui muziki.

Sasa wewe shabiki, usikae ukichekelea.

Usimpelekee DJ karatasi ya ombi la wimbo wakati hedifoni iko sikioni. Wakati huo anasikia nyimbo mbili kwa pamoja, mmoja mnaousikia nyote na mwingine anaousikia yeye peke yake, akiutafutia mlango wa kuingilia. Ngoja aishushe shingoni. Ukitaka kumtuza, mtuze, ni desturi nzuri, lakini noti iweke pembeni ya meza. Noti iliyodondoka juu ya sahani inayozunguka imeharibu zaidi ya wimbo mmoja.

Kuzomea ni haki yako, umelipa. Ila zomea kitu, usizomee mtu kwa sababu ya mkoa wake au kwa sababu alipiga wimbo wa kambi usiyoipenda. Chupa haina haki yoyote. Chupa haimfikii DJ, inampata dada aliyesimama safu ya pili. Na kabla ya kuzomea mpe nafasi ya kusoma uwanja. Nyimbo zake za mwanzo anawatafuta, hajui kama nyie ni watu wa Fid Q au wa Big Fizzo wa Burundi. Mtu aliyetoka Mwanza jana hawezi kujua kwamba redio za Burundi zinasikika hapa mpaka jikoni.

Kisha asubuhi, pale kijiweni, sema kwa ukamilifu. "Amezingua" peke yake haimsaidii yeyote, na "ametisha" peke yake inamharibu. Sema ule wimbo wa tatu aliukata kabla ya kiitikio. Sema sauti ya chini ilimeza maneno, waliosimama karibu na mti hawakusikia ubeti hata mmoja. Sema pale alipoingiza singeli chini ya hip-hop, hata wewe usiyependa singeli ulicheza. Maneno ya namna hiyo yanasafiri, na promota akiyasikia kwa watu watano tofauti atayabeba, kwa sababu yanagusa mfuko wake.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, kwa DJ na kwa promota wake. Msifunge mitambo usiku uleule mkakimbilia Kasulu na Kibondo. Laleni hapa. Asubuhi nendeni mkanywe chai kwa mama ntilie aliyesema mmechemsha, mkae, mmuulize ni wapi. Atawaambia, tena bila kuficha, na Kibondo watapata usiku bora kuliko wetu.