Ukitumwa Kabonga Kuinua Elimu

Hongera kwa kazi mpya. Shirika limekupa fulana yenye nembo, gari jeupe lenye antena ndefu, na jukumu la kuinua ubora wa ufundishaji katika shule za umma za Kabonga, kusini kabisa mwa mwambao wa Burundi, ambako Kagunga ya Tanzania iko karibu kuliko Bujumbura. Kabla hujafunga mkanda, soma haya. Walioondoka bila kuyasoma walirudi na picha nzuri tu.

Tuanze na hilo gari. Ramani itakuonyesha RN3 ikifuata ziwa, kilomita kama 75 kutoka Bujumbura hadi Rumonge, kisha Nyanza-Lac, kisha wewe. Haitakuonyesha mahali ambapo Tanganyika limepanda miaka hii ya karibuni likameza fukwe, nyumba na vipande vya barabara. Wala haitakuonyesha foleni ya mafuta. Mradi wenye gari na usio na petroli ni mradi wa kuegesha. Mwalimu unayekwenda kumfundisha nidhamu ya kuwahi kazini alishazoea kwenda kwa miguu.

Ukifika shuleni, msalimie kwanza mkuu wa shule, na umwite Diregiteri hata kama kwenye karatasi zako ameandikwa vingine. Atakuonyesha darasa. Utaona benchi moja lina watoto wanne, na utatamani kupiga picha. Subiri. Hao ni wa asubuhi tu. Wa mchana bado wako nyumbani. Mwaka 2005 serikali ilifuta ada ya shule ya msingi, na watoto wakamiminika kuliko madarasa, madawati na walimu waliokuwepo. Ndipo zamu mbili zikawa ada mpya.

Hapa pana shimo ambalo wengi hutumbukia. Usisimame mbele ya wazazi ukatangaza kwamba umekuja "kuhamasisha jamii ishiriki katika elimu ya watoto wao." Baada ya 2005, kote nchini, raia walitoka Jumamosi kwa kazi za jumuiya: wakafyatua matofali, wakabeba mawe, wakajenga madarasa kwa maelfu. Huenda ukuta uliouegemea wakati unahamasisha ulijengwa na mzee aliyekaa mstari wa mbele anayekupigia makofi.

Shimo la pili ni kubwa zaidi, na humo wametumbukia wenye shahada. Kwenye faili lako imeandikwa kwamba watoto hawajui kusoma. Sasa, mwaka 2014 vipimo vya PASEC viliwapima wanafunzi wa nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Katika madarasa ya mwanzo, walioongoza kwa lugha na kwa hesabu walikuwa watoto wa Burundi. Ndiyo, hawa wa benchi la wanne. Siri yao si mbinu iliyoletwa na gari jeupe: walikuwa wakifundishwa kwa Kirundi, lugha wanayoota nayo.

Kazi inaanza darasa la tano. Kifaransa kinaingia kuwa lugha ya kufundishia, na mtoto aliyekuwa akigawanya 48 kwa 6 bila jasho anajikuta anatafsiri kwanza ndipo agawanye. Mwalimu naye anatafsiri. IFADEM, mpango wa kuwafunza walimu wakiwa kazini, ulipoanza Burundi mwaka 2009, ulilishika jambo hilohilo: Kifaransa cha mwalimu ambaye, kama wanafunzi wake, anawaza kwa Kirundi. Ulizia waliopitia huko. Utaokoa miezi sita ya "tathmini ya mahitaji".

Kabonga ina nyongeza yake. Sokoni, mtumbwini na msikitini utasikia Kiswahili. Mwaka 2008 na 2009 maelfu ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walirudi kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania, wengi wakielekea mwambao huu, na watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kiswahili cha Tanzania. Waliwekwa darasani mbele ya Kifaransa wasichowahi kukisikia, wakaonekana wazito. Hawakuwa wazito. Leo wengi wao ni wazazi, na mmoja akikuuliza jambo kwa Kiswahili safi kuliko chako, jibu kwa adabu.

Ukiona wavulana wa darasa la sita wanasinzia, usiandike bado "ufundishaji usiovutia". Tazama mwezi kwanza. Usiku wa giza ndipo mitumbwi hutoka na taa kuvua ndagala, na alfajiri kuna mikono midogo inayohitajika ufukweni. Mwezi mpevu ukifika, usikivu darasani hupanda wenyewe. Mwenye kujua huchagua wiki hiyo kupima mafanikio ya mradi wake. (Sijasema ufanye hivyo. Nimesema wapo.)

Tumefika kwenye semina. Utawachukua walimu siku tatu, utawapeleka kwenye hoteli yenye feni, utawafundisha mbinu shirikishi. Wanazijua. Kabla hujamaliza sentensi watakuwa wamejigawa makundi ya watano, kila kundi na mwenyekiti, katibu, na mtu wa kuuliza soda. Watabandika karatasi ukutani kwa unadhifu utakaokutoa machozi. Ukiuliza, "Mwalimu, umejifunza nini?" utajibiwa, "Mengi sana, Bosi." Maana yake: posho inatoka leo au kesho? Usimcheke. Kwa mshahara wa mwalimu, posho ya siku tatu si jambo la mzaha. Jiulize tu, siku hizo tatu, watoto wake tisini walikuwa na nani. Swali hilo halina nafasi kwenye karatasi ya mahudhurio, kwa hiyo liandike mkononi.

Bosi wako akisema dawa ni kupeleka fedha shuleni basi, mpe habari ya ng'ambo. Mwaka 2013 na 2014, katika wilaya 10 za Tanzania, shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza kwenye shule 350. Kuna shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, kuna ambazo walimu wake waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto anayefaulu, na kuna zilizopata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Vilipokwenda pamoja, zilipanda. Usiunakili mpango huo Kabonga kesho asubuhi, lakini ujue kwamba kuna watu walipima kabla ya kusherehekea.

Nawe pima. Wapimaji wa Uwezo walipozunguka nyumba hadi nyumba Tanzania mwaka 2010, silaha yao ilikuwa karatasi yenye hadithi fupi ya darasa la pili. Kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, watatu hivi tu waliweza kuisoma. Karatasi hiyo haihitaji antena. Kaa na mtoto mmoja chini ya mchikichi, mpe hadithi kwa Kirundi, kisha kwa Kifaransa, na usikilize. Umbali kati ya usomaji wa kwanza na wa pili ndiyo kazi yako yote. Yale mengine ni fulana.

Ukialikwa kula samaki mukeke wa kuchoma, kula, usiahidi kitu. Na siku ya uzinduzi, fupisha hotuba. Saa saba mchana zamu ya pili inaingia, watoto wako mlangoni, na chumba ni hicho kimoja.