Kobe Kainama, na Wewe Hujampa Maji

Juma hili nyaraka zilizotufikia mintarafu ya kobe zimezidi zile za mahari, madeni na ugomvi wa majirani zikikusanywa pamoja. Na kwa kuwa safu hii ilianzishwa kwa muradi wa kuwafariji wenye dhiki bila ya kuhesabu dhiki yenyewe ina miguu mingapi, tumeona ni insafu kuzijibu zote mara moja, ingawa katika kila waraka anayeteseka siye aliyeshika kalamu.

*Bwana Mshauri, nina kobe dume wa jamii ya wale wa kisiwa cha Changuu, mzito hata watu wanne hatumwinui. Kila asubuhi humwekea maji katika kifuu cha nazi, na kila jioni huyakuta vile vile. Siku hizi hushinda kainamisha kichwa. Jirani zangu wasema ukiona kobe kainama, ujue anatunga sheria. Je, nimngoje amalize?*
*Mwenye Subira, Makunduchi*

Ndugu yetu, lakabu uliyojipa ni nzuri, illa umeitwaa isiyo yako, kwani mwenye subira katika ua huo ni kobe. Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, wala hawakuthubutu kusema lolote juu ya kobe huyo wako wa Aldabra, ambaye dume lake likipevuka hupata kuzidi kilo 200, na ambaye kwa shingo ile na kichwa kile hawezi kunywa katika chombo unachonywea togwa. Mnyama huyu hatoi ulimi akalamba kama paka, bali huzamisha uso akavuta maji kimya kimya. Na huko kwao, katika kisiwa cha matumbawe ambako maji matamu hupatikana kwa uhaba katika vishimo vya mawe, ameumbiwa hata uwezo wa kuyavuta kwa pua.

Sheria unayodhani anaitunga, kama kweli wataka kuisoma, imeandikwa mahali pengine: katika macho yaliyodidimia, katika ngozi ya shingo ambayo ukiifinya hubaki na mkunjo, na zaidi ya yote katika kile kitu cheupe akitoacho pamoja na mkojo. Hicho si maradhi, bali ni taka za mwili wake, ambazo huzitoa zikiwa nzito kwa ajili ya kubania maji. Kikiwa laini mfano wa uji mwepesi, mhimidi Mola. Kikiwa na chenga mfano wa chokaa iliyokauka, ujue kwamba kiu hiyo ni ya siku nyingi, na kwamba ikiachwa iendelee, chenga hizo huweza kugandamana kibofuni zikawa jiwe, ambalo haliondoki ila kwa tabibu wa wanyama na kisu chake.

Basi kifuu kirudishe jikoni. Chagua mahali penye kivuli, ufukue, usakifu kidimbwi kipana ambacho ukingo wake ni sawasawa na ardhi, kwa hanamu ya kuteremkia na ya kupandia, na maji yake yasipite pale gamba la juu linapoungana na la chini. Maana kobe si kasa, na akipinduka majini huweza kufa kwa kuzama. Nyasi zake pia zinyunyizie maji kabla ya kumpa. Kisha umwache, usisimame kumtazama kana kwamba unamdai.

*Sheikh Mshauri, mimi nafuga kobe wa bara, mwenye madoa, wa kilo kama 12 hivi. Kila nimwinuapo kumtia karaini akaoge, hunimwagia mkojo mwingi juu ya kanzu, na aghalabu huwa ni Ijumaa. Je, hii si dharau?*
*Nimetiwa Najisi, Kondoa*

Si dharau, sheikh wetu. Lau ungalijua alichokumwagia, ungalimwomba radhi. Kibofu cha kobe si choo tu, bali ni birika la akiba, ambamo mwili wake huchota maji siku za kiangazi, nako kwenu Kondoa kiangazi hamkijui kwa kusimuliwa. Anapoinuliwa ghafula hewani, asijue kama aliyemwinua ni bwana wake au ni mwewe, hushtuka akaimwaga akiba yote. Na hapo wewe waenda kubadili kanzu, ilhali yeye amefilisika.

Na thamani ya akiba hiyo haikuanza kujulikana leo. Mwaka 1835 Charles Darwin alipofika visiwa vya Galápagos, alikuta kobe wakubwa wamekanyaga njia pana kutoka pwani hata chemchemi za juu milimani, akawaona wakifika wamezamisha vichwa hata kupita macho na kugugumia mafunda kama kumi kwa dakika moja. Akasimulia kadhalika kwamba wenyeji wakishikwa na kiu huko bondeni walikuwa wakimchinja kobe na kunywa maji ya kibofu chake. Naye mwenyewe akayaonja, akayaona yana uchungu mdogo tu. Hivyo basi, kile ulichokifua kwa sabuni, wenzio walikinywa.

Muradi wetu si kukushauri ufanye kama wao. Twakushauri uache kumpeleka kobe kwenye maji, uyapeleke maji kwa kobe: zika karai ardhini, alifuate mwenyewe kwa miguu yake, akae ndani yake dakika 20 au 30. Usishangae akinywa kisha akachafua. Tabia yake ndiyo hiyo, na dawa yake ni kumwaga yale na kutia mengine safi. Na kama umemwinua kwa dharura akakulowesha, mpe maji papo hapo, kabla hujaishughulikia kanzu. Mikono nayo ioshe kwa sabuni kila umgusapo, wala karai lake lisionane na sufuria zako, kwa kuwa kobe, pamoja na adabu zake zote, huweza kubeba vijidudu vya salmonela ambavyo yeye havimdhuru.

*Mheshimiwa Mshauri, mume wangu humpashia kobe wake maji kila asubuhi, akayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, na mimi naoga maji baridi ya ndoo. Bomba letu hutoa maji mara mbili kwa juma, na mtungi wa kwanza ni wa kobe. Nihukumie.*
*Mke wa Pili Nyuma ya Kobe, Wete*

Bibi mtukufu, waraka wako tumeusoma mara mbili, na mara ya pili tulikuwa tumesimama. Insafu yatulazimisha tumpe mumeo haki yake kwanza, ili tutakapoichukua asiseme kwamba hakupewa. Ni kweli kwamba maji ya kobe yapasa yawe vuguvugu, kwa kuwa mwili wake hauna moto wa ndani kama wetu na maji baridi humzubaisha; ni kweli kwamba huogeshwa asubuhi, ili jua limkaushe kabla ya baridi ya usiku; na ni kweli kwamba vichanga wa kobe huhitaji kuloweshwa kila siku, kwani hukauka upesi, na aliyekulia katika ukavu gamba lake huota nundunundu ambazo maji ya ukubwani hayazisawazishi tena.

Lakini kobe wenu, ikiwa mtungi mzima ni wake, si kichanga. Mkubwa mwenye afya njema na kidimbwi kisichokauka hahitaji kuandaliwa hamamu ya kila siku. Kuloweshwa mara moja kwa juma kwamtosha, na kiangazini mara mbili. Tena jua la Pemba hupasha maji bila ya makaa: yawekwe uani tangu alfajiri, na saa tatu yatakuwa tayari. Makaa yote yaliyounguzwa kwa ajili ya kobe tangu sasa twayahukumu kuwa ni yako, pamoja na sufuria. Na maji atakayoyaacha humo, kwa kuwa hayana sabuni na yana samadi, yamwagwe migombani; msimu ujao mkungu wa kwanza uletwe kwako.

Ama mumeo, tunayo kalima moja kwake. Kobe hawezi kusema ana kiu, na ndiyo maana mwenye hekima humtazama macho, ngozi na mkojo. Umefanya vema kumtazama, bwana wetu. Ulipokosea ni pale ulipodhani kwamba kiumbe anayeweza kusema hana haja ya kutazamwa.

*Bwana Mshauri, nina miaka 74. Kobe wangu alikuwa wa babu yangu. Wanangu wako Muscat na London. Nikifa, nani atamjazia maji?*
*Mzee wa Shangani*

Mzee wetu, swali lako ndilo lililokuwa zito kuliko yote, wala hatuna mzaha wa kulibebea. Kobe Jonathan aliletwa kisiwa cha Saint Helena kutoka Shelisheli mwaka 1882 akiwa tayari ni mzima, na magavana waliompitia hapo hawahesabiki kwa vidole. Hata wale kobe wanne walioletwa Changuu mwaka 1919, zawadi ya Gavana wa Shelisheli, aliyewatoa na aliyewapokea wamekwisha kuwa udongo. Watu wengine huacha mirathi ya kuliwa. Wewe utaacha mirathi inayokula, na kunywa.

Basi andika wasia. Vibali vyake viweke pamoja na hati za nyumba, kwa kuwa kobe hawa biashara yao ya kimataifa ina mipaka ya sheria, na mrithi asiye na karatasi hudhaniwa mwizi. Usimwachie aliye London, hata akiwa ndiye mpenzi wako: fedha hutumwa kutoka London, maji hayatumwi. Mtafute mtoto wa jirani, umfundishe mwaka huu, ungali na pumzi ya kumkemea: kidimbwi kisuguliwe vipi, kile cheupe cha mkojoni kikiwa na chenga maana yake nini. Dini imetufundisha ujira wa aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, naye alimnywesha mara moja tu. Mtoto huyo utakuwa umemfungulia hesabu ya miaka 60.

Tukiwa twataka kupiga chapa, tumeletewa salamu kutoka Makunduchi. Kidimbwi kimesakafiwa, kobe amekiendea mwenyewe wakati wa adhana ya alasiri, akazamisha uso, wala hakuinua kichwa hata swala ikaisha. Mwenye Subira auliza kama sasa ndipo sheria imekwisha kutungwa. Naam, imekwisha, na ina kifungu kimoja tu: kesho pia.