Sifa za Ufinyu

Washairi wetu wameisifu bahari, wameisifu mbuga, wamesifu hata tumbo la chewa. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi hakijapata hata ubeti mmoja. Leo namtetea huyu asiyetetewa, Ufinyu, na mashahidi wangu wa kwanza ni kaunti mbili za Ukambani.

Kitui ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba. Makueni ina takriban 8,000. Sasa niambie, reli ilikwenda wapi? Kitui, yenye nafasi ya kumwaga, haina stesheni hata moja. Makueni iliyobanwa ina reli mbili zinazofuatana kama mtu na kivuli chake: ile ya mkoloni, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Mtu wa Mutomo, Kitui, akitaka kupanda treni huteremka na barabara ya lami mpaka Kibwezi, yaani anauacha upana na kuufuata ufinyu. Najua wapo watakaosema kwamba wahandisi walifuata maji ya Kibwezi na Makindu. Hayo ni maneno ya watu wenye ramani. Mimi nasema kama mtu mwenye chumba.

Chumba chenyewe kiko mjini Wote, hukohuko Makueni. Kina kitanda cha nne kwa sita, mtungi wa gesi, ndoo za maji na kabati ambalo mlango wake haufunguki kikamilifu kwa sababu ya kitanda. Juu ya hayo yote, kwenye kuta mbili zinazokutana, pana nafasi ya rafu ya plaiwudi. Hapo ndipo ninapopanga kujenga reli ya Emali mpaka Kibwezi kwa treni za mfano, ndogo, zinazotembea kwa umeme.

Mwenye ukumbi angenunua reli kwanza kisha akafikiri baadaye. Ufinyu hauruhusu utovu huo wa adabu. Umenikalisha mbele ya kompyuta nichore kila kitu kabla sijakata ubao. Programu zipo: XTrackCAD ni ya bure kabisa, SCARM inakuonyesha mchoro ukiwa umesimama na milima yake, na AnyRail, katika toleo lake la bure, inakubali vipande 50 vya reli, basi. Hamsini! Nikitaka njia ya kupishana pale Makindu, lazima ning'oe vipande Emali. Ningependa kuona bajeti ya kaunti yoyote ikiandikwa kwa toleo la bure.

Ukweli wa hesabu nao uko upande wa Ufinyu. Kwa skeli ya 1:160, reli ya kilomita 472 ya Mombasa hadi Nairobi ingehitaji karibu kilomita tatu, na mama mwenye nyumba hangekubali. Ukuta wangu wa mita tatu unabeba chini ya nusu kilomita ya dunia. Kwa hiyo Ufinyu umefuta vichaka vyote vya katikati, ukaacha mibuyu miwili na shamba la katani, na Emali sasa inapakana na Kibwezi. Hakuna abiria aliyelalamika kwamba safari imekuwa fupi.

Skeli hiyo ina zawadi nyingine. Upana wa SGR ni milimita 1,435. Ugawanye kwa 160, unapata karibu tisa, ambazo ndizo hasa za reli ya mfano inayoitwa N. Reli ya mkoloni ina milimita 1,000. Igawanye, unapata sita na robo, na madukani ipo reli ya Z yenye milimita sita na nusu. Basi reli zote mbili za Makueni zinakaa kwenye rafu moja, kila moja na upana wake. Mwenye nafasi kubwa angechagua skeli kubwa, asigundue uzuri huu maisha yake yote.

Taabu iko kwenye pembe ya chumba. Unaiambia programu nusukipenyo cha chini kabisa unachokubali, nayo inakuonya ukikivuka. Kona yangu ina sentimita 25, sawa na mita 40 za reli halisi. Mhandisi wa kweli angefukuzwa kazi siku hiyohiyo. Lakini hata wakubwa walibanwa: pale Mazeras reli ya zamani ililazimika kujizungusha na kupita juu yake yenyewe ili iupate mwinuko. Na lile dubwana la mvuke la kundi la 59, mita 31 na ushei, tani zaidi ya 250, lililopita Makueni kuanzia miaka ya 1950, lilikuwa la aina ya Garratt: boila katikati, injini mbele na nyuma, zote zikipinda zenyewe kwenye kona. Mashine hiyo kubwa ilizaliwa na reli nyembamba. Ikipewa reli pana na nyoofu, nani angeifikiria? Kwangu itakuwa na sentimita 20, nayo itapinda.

Mpinzani wangu atanitajia stesheni ya Kima. Mwaka 1900 afisa wa polisi Ryall alikuwa ndani ya behewa akimvizia simba, simba akaingia, akamuua na kutoka naye dirishani. Nakubali, ndani ya behewa nafasi ya kukimbia ilikuwa haba. Natambua pia kwamba kwa skeli yangu simba huyo ana sentimita moja hivi, na hilo ni jambo ambalo Ufinyu pekee ungeweza kulifanya.

Kuna pia faida za uchumi. Kokoto za reli nzima ni vijiko vichache vya mchanga wa mto, kiasi ambacho hata sheria ya mchanga ya Makueni ya mwaka 2015 haitakihangaikia. Mama mwenye nyumba alipouona ubao aliuliza, "Mwanangu, hapo utauzia nini?" Nilipomwambia ni reli, aliutazama ukuta, akatazama kitanda, akasema kodi haitapungua.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Kitui, msiililie reli huku mkijivunia upana, jibaneni kwanza. Na wewe unayenijia Wote kunitembelea, bisha hodi na usukume polepole. Mlango unafungukia ndani, na stesheni ya Kibwezi iko nyuma yake.