Poza Injini, Chemsha Mwenye Gari

Kuna watu wawili usithubutu kuwaambia kwamba gari lako la dizeli lina tabo lakini halina intakula: fundi na shemeji. Fundi atalizunguka gari kimyakimya, atafyonza meno, kisha ataanza kupiga hesabu ya mabomba. Shemeji, ambaye hana gari, leseni yake imekufa zamani na hajawahi kununua hata filta ya hewa, atakuambia miaka yote hii umekuwa ukiendesha nusu gari.

Langu ni Land Cruiser 80, lile shangingi la VX ambalo zamani likipita mtaani watu walijua ndani yumo mheshimiwa. Waheshimiwa wamehamia kwenye matoleo mapya, wametuachia sisi tunaojaza dizeli kwa noti moja moja. Injini yake ni 1HD-T, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164. Toyota walianza kuifunga kwenye gari hili mwaka 1990, wakaipa tabo, intakula wakaiacha. Mimi nachukulia kwamba watu walioweza kuunda injini nzima hawakushindwa na kirejeta kimoja. Walipima wakaona inatosha. Gereji haipokei hoja za namna hiyo. Fundi anasema Wajapani walibana matumizi. Shemeji anasema walisahau.

"Shem, hata Land Rover waliwapita hapo," ananiambia. "Discovery ya 1989, ile ya 200Tdi, ilitoka kiwandani na intakula yake."

Kwa bahati mbaya, hapo anasema kweli. Shemeji mwongo unaweza kuishi naye. Shemeji aliyeshika ukweli mmoja hakuachi ulale.

Na sayansi yenyewe sina ugomvi nayo. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi, na upande wake wa pili inasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye silinda. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na sidhani kama alikusudia kunigombanisha na ukoo wa mke wangu. Tatizo ni kwamba hewa ikikandamizwa inapata moto. Anayebisha ajaze upepo tairi la baiskeli kisha ashike pampu kwa chini. Hewa ya Dar es Salaam inaingia kwenye tabo ikiwa na nyuzi 30. Tabo ikisukuma sawasawa, inatokea upande wa pili ikiwa imekaribia nyuzi 100, na maji ya chai huchemka hapohapo. Hewa ya moto imetawanyika, kwa hiyo silinda inajaa lakini haishibi. Intakula inasimama katikati ya safari hiyo na kuipoza. Ukiishusha hadi nyuzi 55 hivi, kwa mgandamizo uleule silinda inapata hewa zaidi kwa kama asilimia 14.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapokosana na watu wote. Ukiipa injini hewa hiyo ya ziada na dizeli ukaiacha ileile, zawadi kubwa unayopata ni ubaridi. Dizeli inaungua ikaisha, moshi unapungua, joto la ekzosi linashuka. Pistoni za injini hizi ni za aloi ya alumini, na alumini safi inayeyuka kwenye nyuzi 660, wakati ekzosi ya dizeli iliyoelemewa mlimani inaweza kupita hapo. Pistoni haiyeyuki kwa sababu moto unaijia kwa vipindi na oili inaipoza kwa chini. Huko ndani mambo yanakwenda kwa rehema za Mungu. Intakula ni nyongeza ya rehema hizo.

Lakini nitafutie mtu anayeiuza kwa jina hilo. Gerezani nzima, kwa wauza vipuri wa Dar, inauza nguvu. "Mzee, hii ukifunga, mlima wa Kitonga unapanda na gia ya nne unaimba." Hakuna hata mmoja aliyeniambia pistoni zangu zitapumzika. Na kwa kuwa umenunua nguvu, lazima nguvu ionekane, kwa hiyo kazi ya kufunga ikiisha tu fundi anachukua spana na bisibisi, anakwenda nyuma ya pampu na kuzungusha skrubu ya dizeli. Ubaridi wote uliolipia unachomwa siku hiyohiyo. Ni ileile hadithi ya mshahara: umeongezwa mwezi huu, mwezi huuhuu umekopa kwa kutegemea nyongeza, na mwisho wa mwezi una njaa kuliko ulipokuwa hujaongezwa.

Nilikubali intakula kwa masharti, basi, na sharti kuu ni kwamba pampu haiguswi.

Ununuzi wenyewe nauacha, isipokuwa hili moja. Intakula ya mtumba huja na historia ya marehemu wake. Ile niliyoletewa kwanza niliiinamisha, ikatoa oili nyeusi, na ndani ya oili mlikuwa na chembe ndogo zinazometameta. Hizo ni mabaki ya tabo iliyokufa. Ukiifunga hivyo, chembe zinakwenda moja kwa moja kwenye silinda zako. Muuzaji hakutikisika.

"Hiyo oili, bosi, ndiyo ushahidi kwamba ilikuwa inafanya kazi."

Kisha ukaja mjadala wa mahali pa kuiweka. Ukiiweka juu ya injini, mabomba yanakuwa mafupi, lakini lazima utoboe boneti ili ipate upepo, na kwenye foleni ya Ubungo inakaa juu ya joto lote la injini mpaka yenyewe inakuwa jiko. Ukiiweka mbele ya rejeta, inapata upepo wa kwanza, lakini mabomba yanarefuka, viungo vinaongezeka, na kila kilichoko nyuma yake kinapata upepo wa makombo. Ipo na aina ya tatu inayopozwa kwa maji, yenye pampu yake na tangi lake, yaani unanunua kitu cha kuharibika pamoja na mdogo wake. Tukaweka mbele. Honi ikahamishwa, mabano ya bampa yakakatwa, na kwa muda gari langu lilikaa gereji bila uso.

Kwenye hosi nusura tushikane mashati. Fundi alileta hosi ya rejeta, ile nyeusi ya kawaida, akasema mpira ni mpira. Mpira si mpira. Hosi ya tabo inabeba mgandamizo, joto na mvuke wa oili kwa pamoja. Ya rejeta ikipewa kazi hiyo inalainika, inavimba, halafu siku moja ukiwa katikati ya kulipita lori inachomoka kwa kishindo, nguvu zote zinaisha, na nyuma yako unaacha wingu jeusi mpaka anayekufuata anawasha taa. Nikasimamia mpaka zikaja hosi za silikoni zenye nyuzi ndani, pamoja na klampu pana za bolti badala ya zile nyembamba za mabomba ya maji. Shemeji akaniita mzee wa mashaka. Huyu ndiye asiyenunua filta.

Kabla sijaliacha gari kwa ajili ya kumaliziwa nilifanya jambo ambalo mafundi wa ndege wangelielewa. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikapaka mstari mwembamba ulioanzia kwenye nati ya skrubu ya dizeli, ukaishia juu ya skrubu yenyewe. Mtu akiigusa tu, mstari unakatika. Fundi alinitazama kwa jicho la mtu aliyetukanwa kwao.

"Mzee, huniamini?"

"Nakuamini, fundi. Huu ni wa wasaidizi."

Nilipokwenda kulichukua, gari lilinguruma vizuri, mabomba ya alumini yanang'aa, viungo vimechomelewa safi. Nikamwambia kijana akanyage mafuta. Ekzosi ikatema moshi mweusi ambao gari langu halikuwa nao hata lilipokuwa halina intakula. Sikusema neno. Nikachukua tochi ya simu, nikainama nyuma ya pampu. Mstari wangu ulikuwa vipande viwili: kipande cha kwenye nati kimebaki kinatazama juu, kipande cha kwenye skrubu kimegeuka robo nzima kinatazama ukuta.

Fundi akaapa kwa dini yake. Kijana msaidizi akaapa kwa mama yake, kisha akaniangalia usoni akaona haitoshi, akasema kweli: amekuja bwana mmoja, akamnunulia soda, akasema yeye ni ndugu wa mwenye gari na mwenye gari anaona haya kuomba mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu hula kwangu kila Jumapili.

Skrubu ikarudishwa, moshi ukakatika, mstari ukapakwa upya, safari hii mara mbili. Shemeji hakuona haya hata kidogo. "Shem, nilikuwa nakusaidia. Umefunga kitu cha gharama halafu unakikataza kufanya kazi." Nikamweleza kwamba ndiyo kwanza kinafanya kazi: mguu uleule, dizeli ileile, joto limepungua. Akauliza kama joto lililopungua linaonekana kwa macho. Nikasema linaonekana kwenye geji ya ekzosi, ambayo fundi alikataa kuifunga akidai moshi mweusi ndiyo geji ya Mungu. Basi, akasema, halionekani.

Tukaenda Iringa, msibani, na shemeji akajipakia kiti cha mbele ili ashuhudie. Kuanzia Dar mpaka Morogoro nguvu zangu mpya zilikutana na vibao vya 50, matuta, na askari wa trafiki waliojibanza na tochi zao chini ya miti. Mikumi ni hifadhi. Ukimgonga nyumbu unalipa nyumbu. Pale Ruaha Mbuyuni, joto likiwa limekaa juu ya lami na vitunguu vimepangwa barabarani, shemeji alishusha kioo akasema, "Sasa ndiyo mlima wenyewe."

Mlima wenyewe ulikuwa na lori la Tunduma mbele yetu. Mbele ya lori kulikuwa na lori. Kitonga ina kona juu ya kona na ukingo ambao hautaki kuchunguliwa, mwenye akili halipiti lori hapo. Tukapanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo, na hapo ndipo nikaona kitu kingine ambacho Gerezani hawasemi: intakula inapozwa na upepo wa mwendo. Bila mwendo hakuna upepo. Yaani pale mlimani unapoihitaji kuliko popote, ndipo na yenyewe inapohema. Na huko juu, Iringa mjini, mita 1,500 na ushee kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15. Mlima umekunyang'anya karibu kila ulichonunua, na haukupi risiti.

"Ungeacha ile robo," shemeji akanung'unika.

"Ingekusaidia nini nyuma ya lori?"

"Ingenguruma."

Sikumjibu, kwa sababu kutoka kiti cha nyuma ilisikika sauti ambayo ilikuwa imenyamaza tangu Mikumi.

"Baba Neema, hii AC imekufa?"

Nikamwambia haijafa, mama Neema. Ni kwamba intakula imekaa mbele ya kondensa, kwa hiyo tukienda polepole upepo hauifikii vizuri, lakini tukipata mwendo itarudi.

"Hicho kidude kinapoza nini?"

"Hewa."

"Hewa ya nani?"

"Ya injini."

Akajifuta jasho kwa khanga, akamtazama kaka yake kwenye kiti cha mbele, akanitazama mimi kwenye kioo.

"Basi kurudi Dar injini irudi na ninyi wawili. Mimi na watoto tunapanda basi. Na rangi yangu ya kucha uirudishe ulikoitoa."