Majibu Ndani ya Saa 24

Januari 2022, Daniel Stenberg wa Sweden, muundaji wa programu ya curl, alipokea baruapepe kutoka kampuni moja iliyomo katika orodha ya Fortune 500. Ilimtaka aeleze, ndani ya saa 24, kama programu yake imeguswa na kasoro ya Log4j iliyofichuliwa Desemba 2021, na hatua alizochukua. Lugha ilikuwa ya bosi kwa karani. Kilichokosekana ni mshahara tu.

Log4j ni maktaba ya programu za lugha ya Java. Curl imeandikwa kwa lugha nyingine, C, hivyo kasoro ile haikuihusu. Hilo angelijua bure yeyote aliyejisumbua kusoma, lakini wakubwa hawasomi, huagiza.

Stenberg akajibu kwa adabu zote: atafurahi kueleza kila kitu, mkataba wa huduma ukishatiwa saini. Tena mkataba wenyewe hautafutwi kwa tochi. Tangu 2019 yuko wolfSSL, kampuni inayouza msaada wa curl kwa anayetaka kusaidiwa kama mteja.

Kampuni ile ikaandika tena, safari hii kwa mshangao: kwani wao si wateja wake? Na katika salamu wakamwita David.